Cahors kwa Muthokoi

Ukirudi kutoka ng'ambo na chupa ya divai, watu wa kwetu kijijini Kilungu hawakuulizi inanywewa na chakula gani. Wanakuuliza kama umeacha wokovu. Ndiyo maana ile chupa ya Cahors niliyopewa na mwenyeji wangu kusini-magharibi mwa Ufaransa, nilikoenda kwa warsha ya wiki tatu, ilikaa miaka miwili nyuma ya kamusi zangu Nairobi, ikisubiri niwe mtu wa kufungua divai.

Mwenyeji yule alinifundisha kwa uvumilivu. Cahors ni nyekundu inayokaribia weusi, na ukiinywa bila chakula inakukausha ulimi kama ndizi mbichi. Inataka mafuta. Kwao huinywa na bata aliyepikwa kwa mafuta yake mwenyewe, na kondoo, na uyoga, na maharagwe yaliyochemshwa polepole na soseji. Niliandika yote daftarini, kisha nikarudi kwenye chai yangu ya maziwa.

Mwaka huu mama alitoka hospitalini na chakula kikamshinda. Ndugu zangu wakaamua kwamba mimi, mwandishi, nisiye na kazi inayoonekana, ndiye wa kwenda Kilungu kukaa naye. Vijiko viwili vya uji, halafu anageukia ukuta. Daktari alikuwa amesema akizidi kukonda atarudishwa wodini, na mama alikuwa ameapa kwamba wodini harudi. Kufikia wiki ya tatu nilikuwa nimechoka kubembeleza, nimechoka kuosha mabakuli ya uji ambao haujaliwa. Ile chupa nilikuwa nimeibeba begini. Sikuibeba kwa ajili yake.

Siku moja asubuhi nikakumbuka maharagwe ya yule Mfaransa. Muthokoi wetu, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, hauko mbali nayo. Nikanunua mbavu za mbuzi zenye mafuta. Kizibo nikakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko, maana nyumba ya mama haijawahi kuhitaji kizibuo. Aliokoka kabla sijazaliwa. Kanisani kwao hata Meza ya Bwana ni juisi. Kikombe kimoja kikaingia sufuriani, nikakiacha kichemke saa nzima, nikijiambia kilevi kimeondoka na mvuke. Nina shahada mbili na hiyo ndiyo hoja niliyopata.

Mchana mama akala. Alikula nusu sahani bila kuinua uso, akanyonya mfupa. Kisha akaniuliza nimetia nini.

Ningeweza kusema nyanya. Sijui ni uaminifu au ni ile tabia yangu ya kutaka kusifiwa.

"Divai kidogo, Mwaitu. Imechemka sana."

Akaweka mfupa chini. "Nilijua. Mama yangu alikuwa akipika pombe ya asali. Mimi niliokoka, pua haikuokoka."

Nikamuuliza mbona basi alikuwa akila.

"Nilikuuliza nikidhani una akili ya kunidanganya. Sasa umesema, na nimesikia." Akasukuma sahani, akalala.

Nilikaa jikoni na kikombe cha bati, nikamaliza sahani yake na sufuria na chupa. Vinapatana kweli. Mafuta ya mbuzi yanaulainisha ule ukavu, na maharagwe yanakuwa na utamu ambao sikuujua, na nilichukizwa kwamba Mfaransa alikuwa sahihi wakati mama alikuwa amelala na njaa chumba cha pili.

Kesho yake nikapika vilevile, bila divai. Akala vijiko vitatu, akabaki akikoroga.

"Leo hiki ni chakula cha hospitali," akasema. Kisha akauliza ile chupa iko wapi.

Nikamwambia niliimaliza.

"Yote?"

"Yote, Mwaitu."

Akaacha kukoroga. "Na kesho utanipikia na nini, baba? Hata hukufikiria kwamba ungeweza kuitia tena ukaninyamazia."

Akaivuta sahani, akachukua kijiko cha nne kwa hasira, halafu cha tano, akitafuna huku amenikazia macho. Nilimwongezea kidogo, ubavu mmoja wenye mafuta, nikafunga mdomo wangu.