Sahani Inayopakuliwa Kwanza

Katika orodha ya wafanyakazi iliyobandikwa ofisini, jina la Koki ndilo la mwisho, chini ya la bawabu, na limeongezwa kwa kalamu baada ya wengine wote kupigwa chapa. Mpishi. Miaka kumi na mmoja amekoroga githeri, mahindi na maharagwe, ya shule ile ya msingi pale Voi, akivuta moshi wa kuni na vumbi jekundu, na hajawahi kuitwa kwenye mkutano ila kupeleka chai.

Ruweida alipopatikana na kisukari, akiwa darasa la nne, mamake Mwanamina alikwenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Danson, na kikoba chenye sindano na kipimo. Danson alimsikiliza huku akitazama simu.

"Mama, hapa ni shule, si zahanati," alisema, akamwelekeza kwa mwalimu wa afya, Lewis.

Huyu Lewis alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu kuhusu watoto wenye kisukari, katika hoteli ya Mombasa yenye bwawa la kuogelea. Alirudi na fulana, mkoba na cheti. Cheti alikitundika ukutani mwa ofisi kwa misumari minne. Alimwambia Mwanamina asiwe na wasiwasi, mwongozo upo, ameufungia kabatini. Ufunguo wa kabati hakujua uko wapi.

Mwanamina akazunguka nyuma hadi mlango wa jikoni.

"Dada yangu, nimekuja kukuomba wewe. Sina mwengine wa kumuomba."

"Niambie polepole," Koki alisema. "Mimi shule niliachia darasa la sita."

Akaambiwa polepole. Mtoto apime, ajidunge, ale papo hapo, kwa maana dawa ikishaingia sukari hushuka hata tumbo likiwa tupu. Akitetemeka na kutoka jasho, apewe kitu kitamu upesi, kisha chakula. Tangu siku hiyo, kila saa saba kasorobo, Ruweida aliketi kwenye gunia la maharagwe, akajidunga, na sahani yake ikapakuliwa kabla ya ya mtu yeyote. Mwaka mzima ulipita hivyo, na mwongozo wa Lewis ukaendelea kulala.

Halafu ikaja siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi wanasema zamani yalikuwa maombi kweli. Siku hizi ni hema, spika zinazokwaruza, kalamu za mtihani zikiwekewa mikono ya baraka kwa mafungu, na mgeni wa heshima anayefika saa anayotaka yeye. Ratiba ilisema chakula ni saa saba kasorobo. Koki aliitazama ratiba, akatazama pilau iliyokwisha kuiva, akamwambia Ruweida, "Haya, dunga, nakupakulia."

Sindano ilikuwa imetoka tu ngozini Lewis alipoingia mbio.

"Mgeni amefika. Sufuria zisifunguliwe. Na wewe Ruweida, kwaya inakungoja."

"Mwalimu, huyu ameshajidunga. Lazima ale."

"Dakika tano tu, Mama Koki. Mgeni hajala, mtoto atakulaje?"

Akamshika mtoto mkono, wakaenda. Na Koki, aliyezoea miaka yote hiyo kuamriwa na walimu, akafunika tena sufuria.

Dakika tano zikawa arobaini. Mgeni alisimulia alivyopanda kutoka chini, akasimulia tena kwa wale waliochelewa. Kisha akageukia habari za mtoto wa kike, jinsi anavyompenda na anavyolala akimuwaza. Nyuma yake, katika safu ya kwaya, mtoto wa kike alikuwa amelowa jasho, midomo myeupe, magoti yakigongana. Walimu wanane walikuwa wamekaa wakimwelekea. Walikuwa wanapiga makofi.

Koki alimwona kutoka mlango wa jikoni. Alivuka uwanja na aproni yake yenye masizi, akafika meza kuu, akachukua chupa ya soda iliyofunguliwa mbele ya kiti cha mgeni.

"Mama Koki, hiyo ni ya mgeni," Danson alinong'ona.

"Naiona."

"Irudishe basi."

"Akimaliza kunywa nitakuletea chupa."

Alipita mbele ya spika, akamshika Ruweida kidevu. "Kunywa, mwanangu. Yote."

"Huyo kweli ana kiu," mgeni alisema kwenye kipaza sauti, na hema zima likacheka, wenye digrii na wasio nayo.

Jikoni alimpima, akangoja robo saa, akampima tena. Sukari ilikuwa imepanda. Akampakulia pilau.

"Mama Koki, nilikuwa nakuona wawili."

"Basi wote wawili tuko hapa. Kula."

Jumatatu aliitwa ofisini. Lewis alikuwa ameandaa barua: mpishi anakiri kumvunjia mgeni heshima na anaomba radhi. Koki aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Mwalimu Lewis, mtoto akitetemeka vile, wewe unaanza na nini?"

Lewis alitazama cheti chake, kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Na sindano yake, kwanza."

"Ungemuua," Koki alisema.

Danson akaweka simu chini. Hakuwa anamfikiria Ruweida. Alikuwa anafikiria magazeti, ofisi ya elimu, na uhamisho wa kupelekwa mbali na mji. Lakini hofu hiyo ilitosha, na Koki aliiona.

"Nitatia sahihi," alisema. "Ila ongezeni hapo chini: Ruweida anakula saa saba kasorobo, kabla ya mgeni yeyote, awe nani. Na hatolewi jikoni kabla sijasema amemaliza."

"Hilo halihusiani na—" Lewis alianza.

"Andika," Danson akamwambia.

Lewis akaandika.

"Na muhuri," Koki alisema.

Muhuri ukapigwa. Koki akatia sahihi kwa kosa ambalo hakulifanya, akakunja nakala yake, akaitia mfukoni mwa aproni na kutoka. Saa nne ilikuwa imeshapita, na maharagwe yalikuwa bado hayajawekwa motoni.