Leo Papa amegeuka Murepublikani

Leo papa yangu amegeuka Murepublikani. Musicheke kwanza.

Kila dimanche nyuma ya misa, yeye na Papa Bahati, jirani mwenye kuuza maziwa, balikuwaka hapa kwetu Kingi kubishana juu ya Amerika.
Radio iko ya Papa. Mabuye ya kuiwasha, zile betri, njo Papa Bahati alikuwa anayaletaka mu mufuko.
Mumoja akikosa, hakuna Amerika.

Papa iko Mudemokrati mpaka mu mifupa. Papa Bahati, Murepublikani.
Na kule hawana hata kura moja!

Vita ikakimbiza Papa Bahati mpaka Bweremana. Leo asubui simu ikalia: amekufia kule, bameshamuzika.

Papa hakulia.
Alitosha radio, akaweka viti mbili, akaniambia miye binti yake: “Mama, ikala pa kiti yangu. Sema vile ninasemaka.”
Yeye akaikala pa kiti ya Papa Bahati, akatetea Barepublikani kwa nguvu yote, mpaka na ile kikohozi ya rafiki yake.

Nilibisha, nilibisha.

Akanikatiza, sauti chini: “Sasa sema: Bahati, leo umenishinda.”

Ile neno, Papa hakumupatiaka hata siku moja.

Nikaisema.
Njo pale akalia.

Bandugu, dimanche yenye kuya, niikale pa kiti gani?