Maji ya Mgeni

Mama yangu husema tangu utotoni nilikunywa uji ukiwa moto kwa sababu sikuweza kungoja. Haraka hiyo ilinitoa Migori mjini, ambako baba alihamia na duka lake la nguo, ikanifikisha kwenye mpango wa uzamivu wa watafiti wachanga. Mimi nilikuwa mtu wa bakteria. Mpango ulikuwa na sharti moja nililolidharau tangu siku ya kwanza: kila mmoja wetu alipewa mwenzake wa fani nyingine, na kila mmoja alitakiwa kukaa wiki mbili ndani ya kazi ya mwenzake. Wangu alikuwa dada mmoja mpole kutoka upande wa Kuria, aliyesomea maisha na desturi za watu. Yeye angekuja maabara. Mimi ningekaa naye katika jikoni za watu, nimenye mihogo na kusikiliza.

Alikuja maabara wiki zake zote mbili. Alivunja visahani vya kuoteshea bakteria, akaomba radhi, akauliza maswali mpaka nikachoka naye. Jikoni mimi nilikaa siku mbili. Kwenye fomu niliandika wiki mbili.

Utafiti wetu ulihusu maji ya kunywa katika maboma ya Ndhiwa. Boma nililolipenda kuliko yote lilikuwa la mjane mmoja tuliyemwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Aliishi na mke wa mwanawe; mwana mwenyewe alikuwa kisiwani Remba kwenye biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, akirudi nyumbani kwa nadra. Dani aliniita nyara, binti yangu, na hakuacha kunichokoza.

"Nyara, utasoma mpaka meno iishe? Hiyo karatasi utakula na nani?"

Kila nilipotaka kwenda nilimpigia simu mke wa mwana siku moja kabla. Nilijiona muungwana, kwa kuwa watu hawavamiwi kwao. Nikifika, nilikuta chungu cha maji kimesuguliwa na kufunikwa kwa sahani nyeupe. Nilivaa glavu, nikachota, nikaziba chupa, nikaitia kwenye sanduku la barafu na kuondoka. Mwezi baada ya mwezi visahani vyangu havikuota kitu. Nilifurahi sana, nikaanza kuandika jinsi boma lile linavyotunza maji.

Alasiri moja mjini Homa Bay, katika chumba tulichowekea vifaa, mwenzangu alifunga daftari lake.

"Usikasirike," alisema. "Maji unayochota si yale wanakunywa. Ukipiga tu simu, yule mke wa mwana anachukua ndoo anaenda mpaka tangi la mvua la kanisani. Hataki mgeni aone aibu ya boma. Siku zingine wanachota mtoni. Dani hata hajui, asubuhi hizo yuko shambani."

"Amekuambia?"

"Nimeenda naye. Nimebeba ndoo."

"Hizo ni stori," nilimjibu. "Mimi nataka data."

Kuanza upya kungekuwa kutupa miezi yangu yote, na nilikuwa nimebakiza muda mfupi nisimame mbele ya wasimamizi wetu. Aliniomba niende siku moja tu bila kupiga simu. Sikwenda.

Kanuni zetu zilitaka majibu yarudishwe kwa wenyewe. Nikaenda kumwambia Dani kwamba maji yake ni safi. Mke wa mwana alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mikononi, akainamisha kichwa. Nilidhani ni heshima. Dani alipiga makofi. Hakuipenda kamwe dawa ya maji waliyogawiwa na wahudumu wa afya.

"Basi hii dawa inanuka niachane nayo, ama?"

Nilicheka. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, kwa sababu gari lilikuwa linanisubiri.

Mvua zilipoanza, kipindupindu kiliingia vijiji vya huko. Dani alishikwa asubuhi, na alipofikishwa hospitalini mwili ulikuwa umekauka. Alifariki kesho yake. Mwenzangu ndiye aliyenipigia simu. Hakusema kwamba alinionya. Ningependa angesema.

Kisayansi siwezi kuthibitisha kwamba maji ya chungu kile ndiyo yaliyomuua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na haijanisaidia hata siku moja. Nilisimama mbele ya wasimamizi nikaeleza yote: simu zangu, ndoo, tangi, na fomu niliyoidanganya. Matokeo yangu yakafutwa, nikaambiwa nianze upya. Pale sikulia. Nililia sokoni Rodi Kopany, nikiwa njiani kurudi Ndhiwa, mbele ya mama mmoja muuzaji aliyekuwa akinifungia ndizi za kupeleka kwa wafiwa.

Safari hiyo, wiki chache baada ya mazishi, sikupiga simu. Mke wa mwana alikuwa anafua. Aliponiona alishtuka, akakimbilia ndoo.

"Daktari, si ungeniambia unakuja! Ona vile boma iko."

Nilimshika mkono, nikamwambia leo hakuna kwenda kanisani. Tuliingia jikoni. Nilimenya mihogo, vibaya, naye akanitazama bila kucheka. Baadaye sana ndipo alipozungumza.

"Nilitaka kuambia mama. Lakini ulikuwa umeshasema mbele yake, na wewe ndio umesoma. Ningesema aje? Ati nimedanganya mgeni?"

"Ni mimi nilikosa," nilimwambia. "Niliambiwa mapema, nikakataa kusikia."

Alijifuta macho kwa kanga na kuendelea kupanga kuni. Nilikaa naye mpaka mihogo ikaiva, tukala. Kisha nikavaa glavu, nikachota maji kwenye chungu. Hakikuwa kimesuguliwa, na sahani iliyokifunika ilikuwa na ufa. Alinitazama nikiziba chupa na kuandika namba juu yake. Kando ya chungu kiti cha Dani kilikuwa bado mahali pake.

"Na hii," aliuliza, "majibu ikitoka, utaambia nani?"

"Wewe," nilisema. "Na hata yakitoka safi, dawa usiache."