Koti la Melkiori

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, iligharimu masikio mawili. Nimeyahesabu mara mbili, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

Tulikuwa vijana, mimi na Melkiori, mwalimu wa kwaya kigangoni kwetu Mugoma. Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Nyakahura, kila mtu na begi lake mgongoni. Basi lilikuwepo, ila liliondoka nikiwa bado nabishana na kondakta. Nikamwambia Melki asijali, tukate pori kwa miguu mpaka Keza, tulale kwa shangazi yangu. Alikubali. Kosa lake lilikuwa hilo moja, kuniamini.

Ukingoni mwa pori, saa nne asubuhi hivi, tulimkuta mzee wa Kisukuma akichunga ng'ombe wake. Tukampa shikamoo, akaitikia, tukamuuliza Keza ni umbali gani. Akasema mtu mwenye mzigo atafika jua limekwisha kuzama, na bondeni kwenye mafunjo mbu wa jioni hawana huruma. Afadhali tulale kwake, tutoke alfajiri.

Sasa mimi, mwanangu, sikuwahi kutajiwa kitu nikakikubali kilivyo. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni bei ya wageni. Tupunguzie. Sema mwendo wa saa tano, twende."

Akaegemea fimbo yake, akanitazama. "Mjukuu wangu, mimi siuzi njia. Nakwambia ilivyo."

Nilimcheka mpaka kilima cha tatu. Tulikuwa tunapanda kwenye mawe meusi yenye matundu, kama makaa yaliyozimwa kwa maji. Melki akasema labda mlima uliwahi kutapika moto pale. Akawa anayagonga kwa kijiti, akisikiliza lipi linalia vizuri. Mimi nilikuwa nahesabu vilima. Nikapata saba, nikarudia, nikapata saba, na cha nane kiko mbele yetu. Saa tano zangu ziliisha hata mafunjo hatujayaona, na maji ya kunywa yamekwisha.

Tuliingia bondeni jua likishuka. Mbu walitupokea kama waliopelekewa taarifa. Melki alikuwa hoi, mabega yamechubuka, lakini alikuwa na koti zito la mikono mirefu. Mimi nilikuwa na fulana. Nikaiona biashara. Nikamwambia nitambebea begi lake, yeye anipe koti.

Akasita, akaitazama mikono yake. "Utalibeba mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni."

Akavua.

Nililibeba kweli, mwanangu. Na njia nzima nilinung'unika moyoni kwamba nimepunjika.

Wiki ya pili malaria ikampanda kichwani. Yeye alipona, masikio hayakupona. Kwaya ikatafuta mwalimu mwingine.

Kwa hiyo shika hili. Bei ya nyanya ibishie, nauli ibishie, hata mahari waombe wakupunguzie. Lakini ukiambiwa urefu wa njia, au kina cha maji, au homa ya mtu, pokea kama ulivyoambiwa, maana hapo hakuna anayekuuzia kitu. Na mwenzako akichoka, mbebee mzigo wake bila kumtazama amevaa nini. Mungu akupe miguu mizima, akupe na mtu wa kutembea naye, mfike wote wawili kama mlivyoondoka.

Mimi bado naenda kwake kila Jumapili baada ya misa. Anaisoma midomo yangu vizuri kabisa. Nikitania anacheka, nikimuuliza habari za maharage anajibu. Lakini nikianza tu kutaja lile koti, hufumba macho. Huyafumbua nikishanyamaza na kumgusa bega. Barua nimemwandikia mara mbili, na mara zote mbili ameirudisha haijafunguliwa.

Wewe umesoma, mwanangu. Hebu nishauri, mtu wa namna hiyo anaombwaje msamaha?