Mashine ya Kitinda Mimba

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikufa kwa kifua. Alikuwa anakohoa na kutuambia ni vumbi la majani, na sisi tukamkubalia kwa sababu kazi yake kweli ilikuwa majani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tulimzika nyumbani Kibosho, ndani ya kihamba, shamba letu la migomba, ubavuni mwa baba. Mwaka ulipokaribia kutimia, mama akaniagizia Himo kwamba niende siku moja kabla ya misa ya kumwombea, na nisisahau spana zangu. Alitaka majani ya kaburini yakatwe kwa mashine ya marehemu. Fyekeo hataki, panga hataki.

Mimi nilikuwa na duka la spea pale Himo. Mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki na pampu za maji, na ukikaa na fundi miaka yote hiyo hukosi kujifunza. Kufungua kabureta kwangu ni kama kumenya ndizi. Kwa hiyo sikuona ugumu wowote. Nilifunga spana kwenye kanga, nikapanda mlimani.

Niseme kidogo habari za hiyo mashine. Ilikuja zama zile milango ya biashara ilipofunguliwa na kila kilichochoka Ulaya kikaanza kushushwa Moshi: makoti, friji, baiskeli, vitanda vya hospitali. Kahawa ilikuwa haina bei tena. Wengine waliing'oa, wengine waliiacha iote magugu, na mdogo wangu akanunua mashine ya kukata nyasi. Akawa anashuka nayo mjini kukata bustani za Wahindi wenye maduka, jioni anapandisha magunia ya majani kwa ajili ya ng'ombe wa mama. "Dada, wale wananilipa ili nichukue chakula cha ng'ombe wangu," alikuwa ananiambia, na anacheka mpaka anakohoa.

Alileta pia mbegu ya ukoka kutoka huko mjini, akaipanda mbele ya nyumba, kuzunguka kaburi la baba. Majirani walimsema sana. Mchagga gani huyo anayepanda majani mahali pa migomba, halafu anayakata yawe mafupi ng'ombe asipate hata pa kuuma? Yeye akaendelea kukata majani yake kila Jumamosi. Sasa ukoka ule ulikuwa unamfunika yeye mwenyewe, umefika magotini.

Nilimkuta mama anapepeta ulezi. Shikamoo, marahaba, habari za Himo, halafu moja kwa moja akanipeleka chumbani kwa marehemu. Mashine ilikuwa pembeni ya kitanda, imefunikwa kitenge safi. Hakuna aliyeigusa tangu msiba. Binamu zetu waliitaka, akawakatalia; jirani alitaka kuinunua, akafukuzwa kwa maneno ambayo mama kiongozi wa jumuiya ya kanisa hapaswi kuyajua.

Niliitoa uani, nikaongeza petroli niliyokuja nayo, nikavuta kamba. Nilivuta mpaka bega likaniuma. Ikawaka, lakini kuwaka gani kule. Inapanda, inashuka, inataka kuzima, inashtuka, inapanda tena, kama mtu mwenye kwikwi. Nikiisukuma kwenye majani inakufa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Haikuwa inalia hivyo," akasema.

"Najua, mama."

"Yake ilikuwa inalia vizuri."

Nikaanza na plagi. Nyeusi, imelowa, nikaisugua kwa msasa, nikaikausha, nikairudisha. Kwikwi ileile. Nikatoa sponji ya kuchuja hewa, nikaifua, nikajaribu mashine bila sponji kabisa. Vilevile. Nikatazama kitundu cha kifuniko cha tangi, maana kikiziba mafuta hayashuki, kilikuwa wazi. Hapo nikaanza kumtukana muuza petroli wa Himo. Siku zile walikuwa wanachanganya na mafuta ya taa bila haya, na mimi nikaapa kwamba nikirudi nitammwagia mwenyewe kichwani. Mama akanikumbusha kwamba tuko karibu na makaburi. Nikapunguza sauti, lakini sikuacha.

Ikabaki kabureta. Niliifungua nimeketi kwenye kigoda, nikageuza kile kikombe chake cha chini mwangani. Petroli kidogo ilikuwa inaelea juu. Chini yake palikuwa na maji mazito ya rangi ya udongo, na ndani ya maji machicha, yale machicha laini ya ulezi. Nikanusa. Ule uchachu haukuhitaji fundi. Nikachungulia tangi, nikachovya kijiti hadi chini, kikatoka na utelezi uleule. Ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi.

Nilipandwa na hasira. Nilijua ni wale binamu, wamenyimwa mashine wakaamua kuiharibu, tena kwa pombe, ya marehemu jamani. Nikasimama na kile kikombe mkononi, nikamwambia mama kwamba leo hii naenda kwao na watanieleza mbele ya wazee.

"Kaa chini," mama akasema. "Ni mimi."

Sikumwelewa. Akarudia, taratibu, kama anavyosomea watoto katekisimu, kwamba ni yeye. Kila alipopika mbege, kabla hajamgawia mtu, alikuwa anaingia chumbani na kata, anafungua kifuniko, anamimina kidogo.

"Kwenye tangi la mashine, mama? Kwa nini?"

"Ningemimina wapi? Kaburi liko njiani. Kila anayekwenda kanisani ananiona."

Na kweli, mama ndiye aliyekuwa akiwasimamisha wanawake wenzake jumuiyani kwa habari za kutambika. Kuna jirani alimsema mpaka akalia, kisa alimmiminia mumewe mbege kaburini. Angeanzaje yeye kutoka na kata mchana kweupe?

Akakaa kwenye gogo, ungo bado magotini, akanieleza jambo ambalo mwaka mzima hakumwambia mtu. Siku ya mwisho mdogo wangu alikataa uji, akakataa maziwa, akaomba mbege. Mama akamwambia daktari amekataza pombe akiwa anameza vidonge alivyompa. Akaomba hata kata moja. Mama akamwambia akipona atakunywa mtungi mzima. Akaomba hata tone la kulowesha mdomo, na mama, ambaye alikuwa na mbege mbichi jikoni, akamnyima kwa sababu alikuwa anataka apone. Kulipopambazuka alikuwa amekufa, midomo imekauka.

"Nilimnyima mwanangu," alisema. "Amekwenda na kiu. Na yeye kila akitoka kazini alikuwa anainywesha hiyo mashine kwanza, ndipo anywe mwenyewe. Nikaona nikimpa hapo itamfikia."

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Nililia, nikajifuta uso kwa mikono yenye grisi. Halafu nikamweleza kwamba injini haiwezi kukata majani na ile mbege ndani, lazima niitoe yote. Aliinamisha kichwa, akasema sawa. Nikalaza mashine, nikakinga bakuli, nikamwaga kila kitu, mbege na petroli pamoja. Nilipoinuka nikamwage mferejini akanishika mkono.

"Usimmwagie mferejini."

Akachukua bakuli. Akatoka nalo uani, akapita mbele ya nyumba, watu wakiwa njiani wanapita na majani vichwani. Akainama upande wa kichwa cha kaburi, akasema maneno ya Kichagga polepole, akamimina mpaka likaisha. Hakutazama nani anamwona.

Nikasafisha kabureta, nikapuliza vitundu, nikatia petroli safi. Iliwaka kwa mvuto mmoja, ikalia sawasawa. Nilikata majani yote kabla jua halijashuka, na kesho yake misa ikasomwa, watu wakala, wakatawanyika.

Niliporudi baada ya wiki kadhaa, mama hakusubiri hata shikamoo. Alinivuta mkono hadi kaburini. Ukoka ulikuwa umechipua kijani kila mahali, isipokuwa upande wa kichwa. Pale palikuwa na duara kama ungo, majani yamekauka yote hadi mizizi, udongo mtupu. Mimi nimeshika petroli na oili miaka mingi. Najua zikimwagika kwenye majani zinafanya nini.

Mama alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu tumzike.

"Umeona?" akaniambia. "Amekunywa."

Nikamwambia nimeona.