Msonobari wa Watoto wa Gerezani

Mwaka huo nilikuwa askari magereza Mbale, Uganda, upande wa wanawake. Wanangu wawili walikuwa Jinja, Mpumudde, kwa mama yangu, na likizo ya Krismasi nilikuwa nimenyimwa. Labda ndiyo sababu nikajitia katika mambo ya mti.

Ndani ya ua wetu waliishi watoto wanne, ambao mama zao walifungwa wakiwa bado wananyonyesha. Kwa ajili yao mkubwa wetu alitoa stoo mti wa plastiki, zawadi ya kanisa fulani. Ulikuwa umepauka, mguu mmoja umevunjika, na ukiugusa tu unapukutika.

"Huu unatosha," alisema. "Tutaufunga dirishani kwa kamba."

"Madam, watoto hawa hawajawahi kushika jani la mti," nilimwambia. "Uani kwetu ni saruji tupu. Niruhusu nikakate msonobari kule juu ya shamba la gereza."

Alinitazama kidogo. "Nenda na mwenzako. Mchukue mfungwa mmoja, mwenye kifungo kifupi. Saa sita muwe mmerudi."

Mwenzangu aliamka na malaria. Nilipaswa kungoja nipewe mwingine, sikungoja. Askari wa getini aliponiuliza, nikasema anakuja nyuma.

Mfungwa niliyemchukua alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Namatala, aliyefungwa kwa kupika waragi, ile pombe kali ya magendo. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Binti yake wa mwaka mmoja na nusu alimwacha mikononi mwa wafungwa wenzake. Yeye alibeba panga, mimi nilikuwa na rungu na filimbi.

Msonobari wa kwanza ulikuwa mrefu mno. Wa pili umepinda. Wa tatu tukaupenda sote, akapiga magoti, akaanza kukata. Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mama yangu, kutoka Jinja: mwanangu mdogo alitaka kujua nitakuja lini. Upepo ulikuwa mkali, nikageuka kando ili nimsikie.

Nilipokata simu, panga halikusikika tena.

Niliita. Nikaita tena kwa sauti kubwa. Mti ulikuwa pale, umekatwa nusu, na hakuna mtu. Nilimkumbuka askari mmoja aliyetorokwa na mfungwa: tulikula naye mchana, na kesho yake akapanga foleni ya uji na wale aliokuwa akiwalinda. Nikawaona wanangu wakiletwa kunitazama nikiwa na nguo ya njano ya wafungwa.

Niliweka filimbi mdomoni. Nikiipuliza, shamba zima lingekuja juu, na wa kwanza kuulizwa mwenzake yuko wapi ningekuwa mimi. Nikaitoa. Nikakimbia kuelekea barabarani, nikajikwaa kwenye mzizi, nikaanguka, kofia ikaenda huko. Nilipokuwa natambaa kuitafuta, nikasikia majani makavu yakikanyagwa nyuma yangu.

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, panga mkononi, anahema.

Nilijua amekuja kuniua. Rungu lilikuwa kiunoni, lakini mkono haukuinuka.

"Afande," alisema.

"Weka panga chini." Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtoto.

Aliliweka, akakaa chini palepale. Gauni lake lilikuwa limejaa miiba ya nyasi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilifika barabara. Boda akasimama. Aliona hii nguo, akasema, mama, panda haraka."

"Mbona hukupanda?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Afande, mtoto wangu yuko kwenu."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia, "Maliza kukata." Akamaliza, nami nikiwa nimesimama juu yake, simu nimeizima. Tuliuteremsha mti pamoja, yeye ametangulia na shina, mimi nyuma na panga.

Getini yule askari alicheka kuona sare yangu ilivyojaa vumbi. "Afande, mti umekushinda?" Hakuuliza tena habari za mwenzangu. Madam alitukuta uani.

"Mmechelewa."

"Tulichagua sana, Madam," nikasema. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Mti tuliusimamisha kwenye ndoo ya udongo. Binti yake akawa wa kwanza kuusogelea. Alishika tawi, likamchoma, akalia, kisha akalishika tena, na wanawake wote wakacheka. Mimi nilikwenda kulirudisha panga stoo.

Kwa wiki kadhaa, kila nilipoitwa ofisini, nilidhani habari imefika. Lakini nilikuwa naitwa kwa mambo ya zamu na sare tu. Mwezi Machi yule mama alimaliza kifungo, akatoka na mtoto mgongoni. Alinipa mkono, akaushika wangu kwa mikono yote miwili.

Kabla ya mwaka kwisha nilihamishiwa Jinja, karibu na wanangu. Ilipofika Desemba, mkubwa wangu mpya alituuliza kikaoni kama tukate msonobari au tununue mti wa plastiki.

"Wa plastiki," nilijibu, upesi kiasi kwamba wote waligeuka kunitazama.

"Kwa nini?"

Nikasema msonobari unamwaga majani, unasumbua kufagia. Kisha nikainuka kwenda kukagua mabweni, ingawa zamu haikuwa yangu.