Pedi za Breki Zilizomlilia Baba Mkwe

Mimi niliacha shule darasa la nne na leo nina nyumba mbili Kisumu na pikapu tatu, kwa hivyo mkiniona naona haya kusimulia jambo, jueni hili ni la aibu kweli.

Miaka ile ya themanini baba mkwe alifariki, na wakwe zangu wa Asembo (walimu watupu, watu wa kalamu) wakakubali pikapu yangu imtoe mochari impeleke nyumbani. Kwangu ilikuwa kama kutawazwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka Usenge na samaki, na ili kuondoa ile harufu nikaiingiza pikapu ziwani pale Dunga, kama kawaida yangu, breki zikiwa bado moto, magurudumu ndani ya maji na mchanga. Ikatoka inang'aa, lakini mbele inakwaruza.

Shemeji yangu Ouma, fundi wa magari, alinikuta mochari akaisikia. "Omera, ndugu yangu, nipe dakika kumi nifungue gurudumu."

"Wewe una gari ngapi?" nikamuuliza, mbele ya watu.

Akapanda nyuma na wengine. Tukaondoka.

Sasa msafara wa maiti ni wa polepole, unagusa breki kidogo kidogo, na kila nikigusa gari linapiga yowe, ng'ombe wanakimbia, mpaka mama mmoja aliyekaa nyuma na jeneza akasema, "Gari hili linamlilia mzee kuliko watoto wake!" (Watu walicheka. Msibani!) Kufika bomani nikakanyaga kwa nguvu, likalia, halikushika, likaenda kusimama mbele ya magoti ya mama mkwe, ambaye kwa heshima ya kwetu sifai hata kumkaribia. Aliruka, kitambaa kikaanguka, nikamwona kichwa wazi.

Ouma akafungua gurudumu hapo hapo. Akainua pedi dirishani kwangu: kulikuwa na vipande vya chuma, vimezama, vinametameta.

"Hii chuma ni ya diski, ile sahani pedi inaibana," akasema bila kuniangalia. "Breki ikilowa, mchanga ukiingia katikati, unakwangua diski, vile vipande vinashika kwenye pedi. Halafu ni chuma inasaga chuma."

Nilibaki nimeshika usukani. Mama mkwe hakunisemesha, alimwambia Ouma: "Mwambie mkwe wetu ashuke, ambebe mzee kwa bega kama wengine."

Alisema mkwe wetu. Nikashuka, nikaweka bega chini ya jeneza, Ouma mbele yangu, na katika hatua zile chache hakuna aliyeniuliza nina gari ngapi. Tangu siku hiyo sijaingiza gari ziwani, na fundi akisema tusimame, nazima injini.